Redio ya Baba Imo Mkobani

Barua nyingi za miezi hii zimekuja juu ya jambo moja, nami nimeona niziweke pamoja: matangazo ya vyama redioni na kwenye televisheni wakati wa kampeni. Walionizoea wanajua kwamba kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na tisa kwenye dawati la matangazo la kituo kimoja cha redio hapa Unguja. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila tangazo lililolipiwa nililiandika kwa mkono: saa ya kupigwa, sekunde zake, mwenyewe nani, amelipa au anadaiwa. Ninayoyajibu hapa nimeyaona nikiwa ndani.

*Shikamoo Mama. Baba yangu ana miaka sabini na nne, tunaishi Wete. Ana redio yake ndogo ya betri ambayo tangu nipate akili sijaiona kuzimwa mchana. Inakaa dirishani, na ya kwake ni matatu: taarifa ya habari, hali ya bahari na vifo. Kampeni zilipoanza, ikawa kila ukisha wimbo mmoja linakuja tangazo la chama, lile lile, kwa sauti ile ile. Wiki ya pili akaizima, akaitia ndani ya mkoba wa ukili, akautundika msumarini. Uchaguzi umepita zamani na redio bado imo mkobani. Nauliza: hivi matangazo haya kweli yanabadilisha mawazo ya watu? Na kama hayabadilishi, kwa nini wanatutesa?*
*Binti wa Wete, Pemba*

Marahaba mwanangu. Mfikishie mzee salamu zangu.

Swali lako la kwanza lina jibu ambalo waliokuwa wakituletea pesa kituoni wasingependa kulisikia. Januari 2006 kule Texas, Marekani, gavana Rick Perry alikuwa akijitayarisha kugombea tena. Kampeni yake ilikubali jambo ambalo wanasiasa kwa kawaida hawalikubali: iliwaachia watafiti wapange kwa bahati nasibu, kama mnavyopanga zamu za upatu kwa vikaratasi, ni maeneo gani yapate matangazo yake, wiki gani na kwa wingi gani. Wakati huo huo watu walikuwa wakipigiwa simu kila siku kuulizwa wako upande wa nani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Palipopigwa matangazo mengi ya televisheni, waliomuunga mkono waliongezeka, tena si kidogo. Lakini haikupita wiki nyingi, ni suala la siku tu, wale walioongezeka walikuwa wamesharudi walikokuwa.

Ukilielewa hilo umeshalijibu swali lako la pili. Tangazo la kampeni ni kama barafu ya samaki pale Malindi. Unaitia alfajiri, jua likipanda imeshakuwa maji yanayochuruzika chini ya ndoo, na samaki bado hajauzwa. Huna njia ila kutia nyingine. Chama kinachojua kwamba tangazo la wiki iliyopita limeshayeyuka kitanunua la wiki hii, na zikibaki siku tano kitanunua la kila saa. Mpinzani wake naye anafanya hesabu hiyo hiyo. Baba yako amekaa katikati yao na redio yake.

Hata hivyo usidhani kurudiarudia hakuachi kitu. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwapa wanafunzi orodha za maelezo, mengine ya kweli na mengine ya uongo, wakawaomba wapime ni kwa kiasi gani wanayaamini. Wakafanya hivyo mara tatu, kila baada ya wiki mbili, na baadhi ya maelezo yalikuwa yanarudi kila mara. Yaliyorudi yalizidi kuaminika, ya kweli na ya uongo sawasawa. Mtu hakuongezewa ushahidi wowote. Alikuwa amelizoea neno tu. Kwa hiyo mtu anaweza asibadilishe kura yake hata kidogo, lakini miezi sita baadaye ukamsikia barazani anasema “inajulikana kwamba”, na ukimuuliza inajulikana wapi, hana la kukwambia.

Na sisi mzigo wetu ni mzito kuliko wa wenzetu wengi, kwa sababu mpiga kura wa Zanzibar ana kura tano: rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani, rais wa Muungano na mbunge. Kampeni mbili zinaingia kwenye redio moja kwa wakati mmoja.

Lakini mwanangu, linaloniuma mimi ni huo mkoba. Nitakueleza kwa nini.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kampeni za 2010. Mwaka ule tulikuwa tumeshapita kwenye kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa tarehe 31 Julai, na sasa tunaelekea uchaguzi wenyewe wa tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo redio zilikuwa hazijapumzika tangu katikati ya mwaka. Saa sita na nusu mchana alikuja kijana na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la skuli, yenye mistari ya buluu. Mzee wao amefariki, maziko saa kumi baada ya sala ya alasiri, na chini yake majina ya jamaa wanaoombwa wapate habari popote walipo: Mkokotoni, Fumba, Nungwi. Nilipokea ada yetu ndogo, nikaiweka karatasi kwenye ubao wa mtangazaji.

Vifo tulikuwa tunavisoma baada ya taarifa ya habari ya saa saba. Siku ile, baina ya habari na vifo, kulikuwa na matangazo saba ya kampeni, kila moja dakika nzima. Yalilipiwa taslimu, na aliyelipa alitaka hapo hapo hasa, kwa kuwa alijua Unguja nzima imetega sikio ikisubiri vifo. Niliyapanga mimi, kwa mkono wangu.

Asubuhi ya pili alikuja mtu wa makamo kutoka Nungwi. Hakupiga kelele. Aliuliza karatasi ya ndugu yake ilisomwa saa ngapi. Nikamfungulia daftari, nikamwonesha: saa saba na dakika ishirini na mbili. Akanambia redio ilikuwa mapajani kwake mpaka saa saba na robo, habari zikisha zikaanza nyimbo za vyama, akasubiri la kwanza, la pili, la tatu, akaizima ili betri zimfae jioni. Simu yake ilikuwa kwa fundi. Ndugu yake akazikwa saa kumi, na yeye akapata habari magharibi kwa mtu aliyeshuka kwenye daladala akitokea mjini. Aliweka vidole viwili juu ya ule mstari wa daftari, akauangalia kitambo, akasema, “Kumbe ilisomwa.” Akaaga, akaenda zake.

Mimi sijamsahau mtu yule. Kituo kilikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho si chake: ni yale masikio yaliyokuwa yakisubiri. Tuliyapata kwa miaka ya kusoma vifo kwa uaminifu, majina kamili, bila ya kukosea saa ya maziko. Tukayauza kwa dakika saba kwa mtu aliyekuwa hayahitaji baada ya Jumapili ile.

Na yakishaondoka hayarudi kwa wito. Baada ya uchaguzi ule kipindi chetu cha salamu, ambacho zamani simu zilikuwa zinagongana, mtangazaji alikuwa anajaza muda kwa nyimbo. Siku moja nilitembea kwa miguu kutoka Mlandege hadi Darajani wakati wa kipindi chetu cha asubuhi. Kabla ya hapo ungeweza kwenda masafa yote hayo na usikose neno hata moja, kwa sababu kila fundi cherehani alikuwa na redio na zote zilikuwa kwetu. Siku ile nilisikia kaseti za taarabu, nikasikia kituo kingine, nikasikia vyerehani vitupu. Watu hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wamejizoeza kukaa bila sisi.

Usimlazimishe mzee. Itoe redio mkobani, itie betri mpya, iweke dirishani pale pale pake, ikiwa imezimwa. Saa ya vifo ikikaribia iwashe wewe, ikisha izime. Ndivyo nilivyofanya kwa mama yangu mzazi, na alikuja kuiwasha mwenyewe mwezi wa pili.

*Assalaam alaykum. Nina duka la mashuka na mapazia Darajani. Nililipia matangazo mawili kwa siku kwa wiki mbili, kabla ya adhana ya magharibi, wakati ambao watu wapo majumbani. Kampeni zikaingia katikati. Katika siku kumi na nne nilijisikia siku sita, na siku nyengine nilisikia tangazo langu saa tano za usiku. Nikilalamika naambiwa “tutakufidia”. Je, nchi nyengine zinafanyaje?*
*Mfanyabiashara, Mjini*

Waalaykum salaam. Bwana wangu, saa moja ina dakika sitini na mwenye kituo hawezi kuirefusha. Chama kinapokuja na pesa taslimu kinataka wakati ule ule unaoutaka wewe, na anayesogezwa ni wewe, kwa sababu wewe utakuwepo mwakani na chama hakitakuja tena mpaka miaka mitano. Nilikuwa na kalamu nyekundu maalumu ya kazi hiyo: napiga mstari juu ya jina la duka, naandika pembeni “ahirisha”. Hayo maneno “tutakufidia” nimeyasema mara nyingi, na si kila mara yalitimizwa.

Marekani wana sheria ya bei. Siku 45 kabla ya uchaguzi wa mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, mgombea anayenunua muda redioni au kwenye televisheni analipa bei ya chini kabisa ambayo kituo kinampa mteja wake mkubwa kuliko wote kwa muda wa aina ile ile. Sheria hiyo ni ya tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na nia yake ilikuwa njema, mgombea asikamuliwe. Lakini makundi yanayompigia debe kutoka nje ya kampeni yake hayana haki hiyo ya bei, na hulipa zaidi, wakati mwengine zaidi sana, kwa hiyo kituo kinayapenda. Muuza mapazia wa kule hali yake msimu wa uchaguzi haipishani na yako.

Waingereza wameifunga njia yote. Kwao chama hakiruhusiwi kununua tangazo redioni wala kwenye televisheni. Katazo hilo ni la zamani, na sheria wanayoitumia sasa ni ya mwaka 2003. Badala yake vyama vinapewa vipindi vya bure kwa saa zinazojulikana, desturi iliyoanza redioni BBC mwaka 1924. Kuna jumuiya ya kutetea wanyama iliyokataliwa tangazo lake ikaenda hadi Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2013 mahkama ikasema katazo hilo halivunji haki ya kujieleza. Majaji tisa kwa wanane, yaani waliponea chupuchupu.

Mimi niko pamoja na wale tisa. Najua wapo watakaosema chama kidogo kisicho na kituo chake kinahitaji kununua muda ili kijulikane, na hoja hiyo siidharau. Lakini nimeliona daftari. Chama kidogo hakikuwahi kununua muda kwangu hata mara moja, kwa sababu hakikuwa na cha kununulia. Vipindi vya bure, kila mgombea kwa zamu yake na kwa dakika sawa, vingekifaa zaidi, na msikilizaji angejua saa ya kusikiliza siasa na saa ya kusikiliza vifo.

Wewe sasa: nenda kituoni, usiombe fidia, omba nakala ya kurasa za daftari za siku zako kumi na nne. Tarehe, saa, sekunde. Siku hizi imo kwenye kompyuta, na kuichapisha ni kazi ya dakika mbili. Mkononi mwako ikiwa na mapengo manane, mazungumzo yatakuwa mengine. Na mwakani, kabla hujalipa, waandikishe kwamba tangazo likisogezwa zaidi ya nusu saa hulilipii.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Tunguu. Mwalimu wetu alisema kwamba Marekani kituo hakiruhusiwi kukata hata neno moja kwenye tangazo la mgombea, hata likiwa la uongo. Ni kweli? Na kama ni kweli, watazamaji wanalindwa na nani?*

Ni kweli, mwanangu, kwa mgombea mwenyewe anayetumia muda wake. Kimeandikwa kwenye kifungu cha 315 cha Sheria yao ya Mawasiliano ya 1934. Kituo kikimpa muda mgombea mmoja, lazima kiwape nafasi sawa wapinzani wake wa kiti kile kile, na hakina ruhusa ya kuyachuja maneno yake. Mwaka 1959 Mahkama yao ya Juu kabisa ikamalizia: kwa kuwa kituo hakiwezi kukata, basi hakiwezi kushitakiwa kwa kashfa aliyoisema mgombea. Ila makundi ya nje ya kampeni hayana kinga hiyo ya kutokatwa maneno, na tangazo lao kituo kinaweza kulikataa.

Hoja yao ni kwamba ni afadhali mgombea aseme uongo hadharani ajibiwe hadharani, kuliko mwenye kituo awe ndiye anayeamua nani aseme nini. Naielewa. Lakini inamtaka mtazamaji awe anatazama matangazo ya pande zote mbili kwa makini, na mtazamaji niliyemjua mimi yumo jikoni anakaanga samaki.

Kuhusu kulindwa, nitakupa mfano. Tarehe 7 Septemba 1964 kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilipiga tangazo moja kwenye televisheni ya NBC. Kitoto cha kike kimesimama shambani kinachambua ua, kinahesabu majani yake moja moja na kinakosea hesabu. Kinapofika tisa inaingia sauti ya mwanamume inayohesabu kurudi nyuma, na ikifika sufuri linalipuka bomu la nyuklia. Jina la mpinzani wake, Barry Goldwater, halitajwi hata mara moja. Tangazo hilo lililipiwa mara moja tu, halikurudiwa. Waliolirudia ni wenye taarifa za habari, waliokuwa wakilionesha ili walijadili. Wengi hawakuliona kwenye muda wa matangazo. Waliliona kwenye habari, mahali ambapo mtu ameshusha ngao yake.

Liandike hilo kwenye madaftari yako. Watu wanajua tangazo la chama ni tangazo, na wengi wanalikunjia uso. Wakiletewa maneno yale yale ndani ya habari, wanayapokea kama habari.

Kuna jambo jengine la watazamaji ambalo vitabuni halipewi nafasi kubwa, nalo mtu wa Pemba analijua vizuri. Mawimbi hayajui mpaka. Vituo vya televisheni vya Boston, mji wa jimbo la Massachusetts, vinatazamwa pia kusini ya jimbo la New Hampshire. Wagombea urais wanaoitaka New Hampshire wananunua muda Boston, na watu wa Boston wanakaa wiki nzima wakibembelezwa kwa kura ambayo hawawezi kuipiga. Mtu wa Konde au wa Micheweni mwenye redio nzuri anapata Tanga, na kuna siku anaipata Mombasa wazi kama wapo chumba cha pili. Nina rafiki yangu Micheweni aliyekuwa akiwajua wagombea wa pwani ya Kenya kwa majina na nyimbo zao, na mgombea udiwani wa wadi yake mwenyewe alimjua wiki ya kupiga kura. Diwani hakuwa na pesa za redio. Alipita nyumba kwa nyumba kwa baskeli, na kwa rafiki yangu alichelewa kufika.

*Bi Mkubwa, mwanangu wa miaka sita anaimba wimbo wa chama fulani siku nzima, hata chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Mwalimu kanirudishia na maneno makali. Sisi hata si wa chama hicho. Nimfanyeje?*
*Mama wa Makunduchi*

Usimpige na usimkaripie. Jingo, yaani kiwimbo cha tangazo, linatengenezwa kwa ajili hiyo: maneno manne au matano, mdundo wa kidumbaki au wa chakacha ambao mtoto ameuzoea harusini, na linarudi kabla hajalisahau lililotangulia. Waliokuwa wakituletea kaseti, na baadaye flashi, walikuwa wanasema wazi kwamba wakisikia watoto wanaliimba njiani wanajua kazi imekamilika. Mtoto wako hana chama. Ana wimbo. Mfundishe mwengine mzuri zaidi, uimbeni pamoja mnapochambua mchicha. Mwalimu mwambie hivyo hivyo, kwa adabu, na umkumbushe kwamba wimbo haukutoka nyumbani kwako.

*Shikamoo. Usiku mmoja nilisikiliza mahojiano ya nusu saa na mgombea. Mtangazaji alimuuliza maswali mepesi tu, hakumkatiza hata mara moja, na simu za wasikilizaji zote zilikuwa za kumsifu. Baadaye jirani yangu anayefanya kazi za mitambo akanambia kipindi kile kililipiwa. Mbona hawakusema? Nimejiona nimedanganywa ndani ya nyumba yangu.*
*Msomaji wa Mkoani*

Marahaba ndugu yangu. Umedanganywa, na una haki ya kuumia. Katika yote yaliyomo kwenye barua za leo hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine.

Hila yenyewe si ngeni. Mwaka 1952 Jenerali Dwight Eisenhower alipogombea urais wa Marekani, kampeni yake ilitengeneza matangazo mafupi ya televisheni ambamo mwananchi wa kawaida anauliza swali na jenerali anamjibu. Yalikuwa ya mwanzo ya namna yake. Ukiyatazama utadhani wamekaa pamoja. Hawakukaa pamoja. Eisenhower alirekodiwa majibu kwanza, peke yake, majibu arubaini kwa siku moja. Kisha wakachukuliwa watu waliokuja kutembea New York, wakapewa maswali wayasome mbele ya kamera, swali likatafutiwa jibu lake. Lakini angalau mtazamaji alijua kwamba kilichokuwa kikipita mbele yake ni tangazo.

Kwako wewe hata hilo halikusemwa. Kwenye daftari langu vipindi vya namna hiyo vilikuwa na alama: duara dogo kwa kalamu ya risasi, na mbele yake bei. Mtangazaji aliletewa maswali kwenye karatasi iliyochapwa, na laini ya simu ilikuwa imeshapangiwa watu wa kupiga. Hewani ilikuwa inasemwa “tuko na mgeni wetu studio”. Mara mbili nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba tuseme kabla na baada kuwa kipindi kimelipiwa, na na nani. Mara ya kwanza akanambia nitawafukuza wateja. Mara ya pili hakunijibu. Nilibaki na kazi yangu, nikaendelea kupiga maduara yangu, na hilo ninalijutia mpaka leo.

Kulijua tangazo lililovaa kanzu ya kipindi si kazi kubwa ukishazoea. Sikiliza kama mgombea anaulizwa “vipi utalitekeleza” au anaulizwa “tueleze mazuri uliyotufanyia”. Sikiliza kama simu hata moja inapinga, maana katika nusu saa ya simu za kweli za Wazanzibari haiwezekani pasitokee mbishi. Na sikiliza mwisho wa kipindi: cha kweli kinakatizwa na saa mtu akiwa bado anasema, cha kulipiwa kinamalizika vizuri, na salamu zake, na kauli ya chama.

Usiliache likapita. Zanzibar ina Tume ya Utangazaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na vituo vya hapa viko chini yake. Waandikie karatasi moja, inatosha. Usiandike kwamba umekasirika, wala usimtaje mgombea kwa sifa au kwa ubaya, barua isije ikasomwa kama ya chama. Eleza kwamba unataka kujua kama kipindi hicho kililipiwa, na kama kililipiwa kwa nini msikilizaji hakuambiwa. Peleka nakala kituoni kwenyewe. Juu ya yote andika tarehe, jina la kipindi, na saa kilipoanza na kilipomalizika, kwa dakika. Mtu wa daftari akipokea barua yenye saa hana pa kujificha, inambidi aufungue ukurasa ule.